Likoni na Madaraja ya Wenzake

Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na maji pande zote, na mtu atakaye kuingia au kutoka hana budi kuvuka. Jambo hilo halikuamuliwa na mwanadamu. Lakini namna ya kuvuka huamuliwa na wanadamu, na aghalabu aamuaye siye avukaye. Kwa hiyo, kijana msomaji, mtu akikuambia kuwa daraja ni chuma na zege tu, usimkubalie upesi. Daraja ni jawabu la swali: ni nani katika nchi astahiliye kupita bila ya kungoja? Upande wa kaskazini na wa magharibi wa kisiwa hicho swali limejibiwa mara nyingi, na kila jawabu lilipochakaa likaletwa jingine. Upande wa kusini, iliko njia ya kwenda Kwale, Diani, Msambweni na mpaka wa Tanzania, limejibiwa kwa feri tangu mwaka wa 1937. Nasema kuwa jawabu hilo halitoshi, na kwamba sababu zitolewazo kulitetea hazina nguvu.

Tuanze Makupa, maana ndiko kwenye ukoo mrefu wa madaraja. Mahali hapo maji ni haba, na zamani yakipwa watu walivuka kwa miguu kutoka bara. Wareno walipajengea ngome kwa kuogopa adui wa nchi kavu. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka wa 1896, kazi ya kwanza kabisa ilikuwa kuivusha hapo, kwa kuwa vyuma vyote vilishushwa kisiwani na safari yote ilielekea bara. Daraja lililojengwa likapewa jina la Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati ule, ambaye hakupata kulikanyaga. Katika miaka ya 1920 daraja likaachwa, pakajazwa mawe na udongo kuwa tuta, na juu ya tuta pakapita barabara na reli. Tuta hilo lilidumu karibu karne nzima, likiwazuia samaki na maji ya pande mbili yasikutane, hata mwaka wa 2022 lilipoondolewa na daraja jipya la zege likafunguliwa mahali pake. Hesabu basi: daraja, tuta, kisha daraja tena. Na kila mara mwenye haja alijulikana kwa jina: kwanza reli, halafu magari, halafu bandari.

Upande wa Nyali mambo yalikuwa hivyo hivyo. Kampuni iliyomiliki ardhi ng'ambo ya maji ilitaka ardhi hiyo ipate thamani, na ardhi isiyofikiwa haina thamani. Mwaka wa 1931 likafunguliwa daraja la kuelea, lililobebwa na maboya makubwa ya chuma, likipanda na kushuka kwa maji kujaa na kupwa. Mvukaji alitozwa ushuru. Daraja la Mtwapa, lililoning'inia kwa kamba za chuma, lilikuwa na ushuru vile vile, na watu wa mwambao walizoea kusema kuwa safari ya kwenda Malindi hulipwa mara mbili kabla ya kuiona Kilifi. Mwaka wa 1980 daraja la Nyali la kuelea likastaafu, na mahali pake pakasimama daraja la zege. Mtwapa nako likaja la zege. Kilifi, ambako kwa miaka mingi abiria walivuka kwa feri, na kabla ya hapo kwa chombo kilichovutwa na wanaume kwa mnyororo huku wakiimba, pakajengwa daraja mwaka wa 1991. Wageni wengi walisikitika kwa kuzikosa nyimbo zile. Wavutaji na abiria, nadhani, hawakusikitika sana.

Sasa geuka uelekee kusini. Jina la Likoni latokana na liko, yaani mahali pa kupandia na kushukia chomboni. Ni jina la haki, maana tangu zamani watu wamevuka hapo kwa madau na ngalawa. Upana wa maji ni kama nusu kilometa. Mtu aliye upande mmoja aweza kumtambua ndugu yake upande wa pili kwa rangi ya nguo zake. Mwaka wa 1937 ililetwa feri. Tangu siku hiyo hesabu ya Likoni ni hesabu ya vyombo: vikaja, vikazeeka, vikaja vingine. Mwaka wa 1989 likaundwa shirika la serikali la kuviendesha. Mwaka wa 1990 zikaletwa feri za kizazi kipya, kati yake MV Harambee na MV Nyayo. Mwaka wa 2010 zikaja MV Likoni na MV Kwale kutoka Ujerumani. Mwaka wa 2017 MV Jambo kutoka Uturuki. Kila mara watu waliambiwa kuwa shida imekwisha, na kila mara shida ilipanda feri pamoja nao.

Kaa ufikiri juu ya kivuko hicho saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wateremkao kilima ni wachukuzi wa bandarini, wauguzi, makarani, mafundi, wanawake wenye vikapu vya samaki wa Gazi na Msambweni, wenye magunia ya nazi na maembe yapelekwayo Marikiti, wanafunzi waliovaa sare, wazee waendao Hospitali Kuu ya Makadara na karatasi zao mkononi. Watu laki mbili na zaidi huvuka kila siku kwenda na kurudi, na hakuna kivuko kingine cha feri katika Afrika Mashariki kilichobeba umati kama huo siku kwa siku. Husimama pamoja katika kibanda kikubwa, mlango ukifunguliwa huenda mbio, kisha husimama tena bega kwa bega baina ya malori na mikokoteni. Meli kubwa ikiwa yaingia Kilindini, feri hungoja. Mtambo ukiharibika, feri hungoja. Mvua ikinyesha, feri hainyeshewi, bali watu.

Sababu ya kwanza itolewayo ni kwamba wavukao kwa miguu hawatozwi nauli, kwa hiyo hawana la kulalamikia. Tulipime neno hilo. Chukua mtu apotezaye saa moja tu kwa siku katika kungoja, kwenda na kurudi, naye afanya kazi siku 300 kwa mwaka. Kwa mwaka amepoteza saa 300. Akifanya kazi miaka 30 amepoteza saa 9,000, ambazo ni siku 375, usiku na mchana, bila ya kulala wala kula. Mtu huyo ametoa zaidi ya mwaka mmoja wa uhai wake ukingoni mwa maji. Nani atasema kuwa amevuka bure? Tajiri hutoa fedha ili aokoe wakati, na maskini hutoa wakati kwa kuwa hana fedha. Lakini wakati wa maskini haurudishwi hazinani, na kwa hiyo hauandikwi katika hesabu za serikali.

Tena kuna gharama ambayo sitaipima kwa saa. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ya Mtongwe, jirani ya Likoni, iliondoka ikiwa na watu wapatao 400, na ilikuwa imeundwa kubeba 300. Ilipinduka karibu na ufuko. Watu 272 walikufa, wengi wao wakiwa njiani kwenda kazini. Tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi nyuma kutoka katika feri iliyokuwa katikati ya mkondo wa Likoni, likazama na mama na mwanawe mdogo waliokuwamo. Siku kumi na tatu zilipita kabla ya kuopolewa. Baada ya misiba hiyo walitokea watu waliosema kuwa abiria ndio wakosaji, kwa kuwa walisongamana na hawakutii amri. Mimi naikataa hukumu hiyo. Mtu aliyepewa chombo kimoja, aliyeamriwa afike kazini saa moja, ambaye akichelewa hukatwa mshahara, hasongamani kwa kupenda msongamano. Ukimfungia mtu milango yote ukamwachia dirisha, usimlaumu kwa kupita dirishani.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nami siidharau. Husemwa kuwa Likoni ni lango la bandari ya Kilindini. Meli zipitazo hapo ni ndefu kwenda juu kama nyumba za orofa nyingi, na daraja la chini lingeziba mlango ambao Kenya, Uganda na Rwanda hula kwa kupitia kwake. Ni kweli. Makupa hapapiti meli kubwa, wala Nyali, wala Mtwapa. Lakini ugumu si sawa na kutowezekana, na kijana aliyesoma hesabu ajua tofauti hiyo. Mwaka ule ule wa 1937 Likoni ilipopewa feri, mji wa San Francisco huko Marekani ulifungua daraja la Golden Gate juu ya mlango wa bandari yake. Huko nako watu walikuwa wakivuka kwa feri, mkondo ni mkali, ukungu ni mzito, na upana wa maji wapita mara mbili ule wa Likoni. Njia ya meli chini ya daraja iliachwa na kimo cha mita 67. Na siku ya kwanza daraja hilo halikufunguliwa kwa magari. Lilifunguliwa kwa waendao kwa miguu, siku nzima, na magari yakapita kesho yake. Miaka mitano kabla yake, mwaka wa 1932, mji wa Sydney katika Australia ulikuwa umefanya kama hayo. Basi elimu ya kuruka juu ya meli ilikuwapo kabla ya babu zetu wengi kuzaliwa.

Utajibu kuwa Marekani ni tajiri. Nakubali, ingawa wakati ule wa 1937 nchi hiyo ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi, na watu wake wengi hawakuwa na kazi. Na Kenya maskini hiyo imepata fedha za mambo makubwa ilipoyataka. Mwaka wa 2017 ilifungua reli mpya kutoka Mombasa hadi Nairobi, zaidi ya kilometa 470, iliyopita juu ya mito, mbuga na barabara kwa madaraja yasiyo machache. Sisemi kuwa reli ilikuwa kosa. Nasema kuwa nchi iliyojenga reli hiyo haiwezi kusimama mbele ya nusu kilometa ya maji na kusema kuwa haina uwezo. Iseme kuwa ilichagua lingine kwanza. Hapo tutajadiliana kwa haki.

Kama wataka ushahidi wa karibu zaidi, utazame mchanga wa Kwale. Chini ya ardhi ya kaunti hiyo mlikuwa na mchanga wenye madini ya titani. Uchimbaji ulipokubaliwa, kikajengwa gati maalumu Likoni, ndani ya bandari, na tangu mwaka wa 2014 meli zikaja kuuchukua na kuupeleka ng'ambo za mbali. Mwishoni mwa mwaka wa 2024 uchimbaji ukakoma, maana mchanga wa faida ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo shehena ya Kwale ilijengewa njia yake ya majini, ikaitumia kwa miaka kumi, ikamaliza haja yake na kuondoka. Na mkulima wa Msambweni aliyekuwa katika foleni ya feri siku meli ya kwanza ilipokuja alikuwa bado katika foleni ile ile siku ya mwisho ilipokwenda. Makupa palikuwa na reli, Nyali palikuwa na kampuni ya ardhi, mchanga ulikuwa na wanunuzi. Likoni pana watu tu. Ndiyo sababu hasa, na nyingine zote ni mapambo yake.

Nataka nikuonyeshe kuwa hata kasi haikukosekana. Mwaka wa 2020 maradhi ya Korona yaliposhika dunia, msongamano wa feri ukawa hatari, si kwa abiria peke yao, bali kwa kila mtu ambaye abiria angekutana naye mjini. Mara ile fedha ikapatikana, mafundi wakapatikana, na katika miezi michache tu likaundwa daraja la kuelea la waendao kwa miguu, kutoka Likoni hadi Liwatoni, lenye urefu wa zaidi ya kilometa moja. Sehemu yake ya kati ilifunguliwa ili meli zipite, kisha ikafungwa. Januari 2021 watu walikuwa wakilitembea. Halikuwa daraja kamili, wala halikukusudiwa kudumu; lilikuwa kama bandeji ya jeraha. Lakini lilifundisha somo ambalo wakuu hawakukusudia kulifundisha. Miaka themanini na mitatu shida ilikuwa ya mvukaji peke yake, na akaambiwa asubiri. Shida ilipotishia kuwafikia wasiovuka, daraja likaelea. Wahenga walisema subira yavuta heri, nao hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Watu wa kusini wamehubiriwa methali ya kwanza mno. Ni haki yao kuikumbuka ya pili.

Sababu ya tatu ndiyo utakayoisikia mara nyingi siku hizi, nayo ni hii: shida imekwisha, kwa kuwa ipo barabara ya Dongo Kundu. Barabara hiyo ni kazi njema na mtu asiyeisifu ni mchoyo. Yatoka Miritini, yavuka vijito vya bahari kwa madaraja makubwa ya Mwache na Mteza, yashuka Kibundani katika njia ya Kwale. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka wa 2018, na mwaka wa 2024 magari yakawa yapita toka mwanzo hadi mwisho. Lori litokalo bara kwenda Lunga Lunga halina haja tena ya kuingia kisiwani. Mtalii ashukaye katika stesheni ya reli huko Miritini afika Diani bila ya kuiona feri. Hoteli zimefurahi, na wenye magari wamefurahi, nami nafurahi pamoja nao.

Lakini mweke katika barabara hiyo mtu wa Likoni afanyaye kazi Ganjoni. Nyumbani kwake aiona Ganjoni kwa macho. Ili aifikie bila ya feri, aende kusini mpaka Kibundani, apinde magharibi, avuke Mteza, avuke Mwache, atokee Miritini, apite Changamwe, aingie Makupa, akate kisiwa chote mpaka mwisho. Ni zaidi ya kilometa 30 ili kuvuka nusu moja. Nauli yake nani atailipa? Kwa mtu huyu Dongo Kundu si kivuko. Ni habari njema ya watu wengine.

Jambo hili limekwisha kuonekana Dar es Salaam, na ajabu ni kwamba hatukujifunza. Huko nako mji na Kigamboni hutengwa na mlango wa bandari, na watu huvuka kwa pantoni kutoka Magogoni. Mwaka wa 2016 lilifunguliwa daraja zuri la Kigamboni, lililopewa jina la Nyerere, lenye urefu wa mita 680. Ili lisizuie meli lilijengwa ndani zaidi, Kurasini. Wenye magari walipata nafuu kubwa, wakitozwa ushuru. Je, pantoni ya Magogoni ilikoma? Haikukoma. Mtembea kwa miguu aliendelea kuifuata, kwa sababu mahali pa kuvukia huchaguliwa na miguu, na miguu hufuata njia fupi.

Kuna na ahadi ya daraja lenyewe la Likoni. Michoro yake imetangazwa: daraja refu la kamba za chuma, lenye kimo cha karibu mita 70 juu ya maji ili meli zipite chini yake. Mwezi wa Desemba 2019 mapatano ya mkopo wa kwanza kutoka Japani yalitiwa sahihi. Miaka ikapita baada ya sahihi hizo, na feri zikaendelea kusafiri. Nalitaka daraja hilo lijengwe, na ninyi vijana mlitake. Lakini kabla ya kupiga makofi, someni michoro kwa macho ya mtu mwenye kikapu kichwani.

Kimo cha mita 70 ni kimo cha nyumba ya orofa ishirini. Ili gari lipande kimo hicho polepole, njia yake ya kupandia sharti ianzie mbali, kilometa kadhaa ndani ya Likoni, na ya kushukia iishie mbali kisiwani. Gari halitahisi umbali huo. Mwanamke wa Gazi mwenye samaki ataupanda kwa miguu, katika jua, kisha ateremke, mahali ambapo leo chombo humvusha kwa dakika chache akishapata nafasi. Je, atawekewa njia ya miguu yenye kivuli? Atawekewa lifti kubwa kila upande, kama wawekewavyo wakaao katika majumba marefu? Kutakuwa na mabasi yenye nauli ambayo ataiweza? Na yeye atatozwa ushuru wa kupita, kama walivyotozwa wa Nyali mwaka wa 1931? Maswali hayo huulizwa kabla ya msingi kuchimbwa. Baada yake huwa ni manung'uniko tu.

Nalo kubwa kuliko yote: siku daraja litakapofunguliwa, yatakuwapo matamanio ya kuziondoa feri siku hiyo hiyo, kwa hoja kuwa daraja lipo na feri zala fedha. Kilifi ilifaa kufanya hivyo, kwa kuwa daraja lilipita pale pale na kwa kimo cha mtu kuweza kulitembea. Likoni haitafaa. Magari yakihamia juu, feri zitabaki na nafasi tele kwa watu peke yao, bila ya lori wala moshi, na hapo kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1937 kivuko cha Likoni kitakuwa cha wale waliokifanya kuwa kivuko. Basi katika mkataba wa daraja na iandikwe wazi kuwa feri za wendao kwa miguu zitaendelea, kwamba hawatatozwa, na ziwe ngapi, na ziondoke kila baada ya dakika ngapi. Baraza la kaunti ya Mombasa na la kaunti ya Kwale yana wajumbe waliochaguliwa na wavukaji hao. Waulizeni kama wameudai mstari huo. Na yule atakayejibu kuwa bado ni mapema, mwulizeni yeye huvuka kwa nini.